Dalali mpya na elfu ishirini ya mteja: rudisha kwanza, kiwanja kitafuata

Swali: Shikamoo dada. Nina miezi minne kwenye udalali wa nyumba hapa Dar es Salaam, nafanyia kazi upande wa Kimara hadi Mbezi Luis. Mwezi uliopita nilimpeleka mteja kuona nyumba tatu, akanilipa Sh 20,000 ya kuonyeshwa. Mbili tukakuta zimeshapangishwa. Anataka hela yake na amenisema vibaya kwa watu wengi. Wiki iliyofuata mwenye nyumba mmoja alinizunguka, akampangisha mteja wangu bila kunipa chochote. Sasa nimepata kiwanja cha kuuza. Muuzaji anataka milioni 18. Dalali mwenzangu, mzoefu, ananiambia tumtajie mnunuzi milioni 23, tano tugawane. Naogopa kukosa na naogopa kuharibu jina. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara zote mbili nilianza kujibu kwenye kiwanja, nikajikuta narudi kwenye elfu ishirini. Basi naanza nayo.

Mrudishie mteja hela yake leo. Irudishe yote, usikate ya ile nyumba moja iliyokuwepo. Alikulipa umpeleke kwenye nyumba zilizo wazi, na aliyesema ziko wazi ni wewe. Mtumie kwa simu, kisha mpigie. Ujumbe peke yake hautoshi, asikie sauti yako ikisema: "Samahani, nilikutoa kwako kabla sijathibitisha." Hapo nyamaza. Usianze kumweleza kwamba taarifa ulipewa na dalali mwingine au kwamba mwenye nyumba hakupokea simu. Huyo dalali mwingine yeye hamjui, hela aliiweka mkononi mwako.

Hii hela ya kuonyeshwa, ambayo wengine wanaiita ya usumbufu, ndiyo iliyotuchafulia kazi kuliko kitu kingine chochote. Mimi niliacha kuipokea mwaka wangu wa tatu. Nilijiona nimeanza kuzoea kuishi kwa kuzungusha watu. Ukitembeza wateja wanne kwa siku, kila mmoja na elfu kumi au ishirini yake, jioni una hela ya kula hata kama hakuna aliyepata nyumba, na ukishazoea hivyo ile hamu ya kumpatia mtu nyumba inakufa taratibu. Hatua inayofuata unaijua: picha ya nyumba nzuri kwa bei ya chini, nyumba ambayo haipo au ilipangishwa mwaka jana, na watu ishirini wanalipa kwenda kuiona. Huo ni utapeli, na polisi wanaupokea kwa jina hilo hilo. Sisemi wewe uko huko. Nasema njia ya kwenda huko inaanzia kwenye kumtoa mtu kwake bila kupiga simu ya uthibitisho.

Ikiwa hali yako bado haikuruhusu kuiacha, kwa sababu nauli na mafuta ya bodaboda havitoki hewani, basi itaje kabla hujatoka, sema ni ya nini, ikate kwenye hela ya udalali mteja akipata nyumba, na irudishe mkikuta nyumba ina mtu.

Na asubuhi ya siku ya kuonyesha, kabla hujamwambia mteja "tukutane kituoni", mpigie mwenye nyumba au mtu anayeishi hapo. Simu ya jana usiihesabu, maana Dar nyumba nzuri ya bei ya kawaida inaweza kuchukuliwa usiku ukiwa umelala. Asipopokea, mwambie mteja ukweli kwamba hujathibitisha, achague mwenyewe kutoka au kusubiri. Wengi watasubiri, na watakukumbuka kwa hilo.

Nikueleze yaliyonikuta mimi, kwa sababu hilo ndilo kosa ninaloliona kwa karibu kila dalali mpya, na lilimgharimu mtu mwingine kabla halijanigharimu mimi.

Nilikuwa na miezi kama saba kazini. Nilipata nyumba nzuri ya vyumba vitatu, ina fensi na kisima, imekaa bondeni kidogo. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua kali, vumbi tupu. Nikamuuliza mwenye nyumba: maji hayaingii mvua zikinyesha? Akasema hayajawahi. Mteja wangu alikuwa mwalimu mwenye watoto wawili. Naye akaniuliza swali lile lile, na mimi nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua: "Hapana dada, hapa maji hayaingii." Sikumwambia "mwenye nyumba anasema." Nilisema kana kwamba nimeona kwa macho yangu. Akalipa kodi ya miezi sita na ya mwezi mmoja kama udalali wangu.

Mwezi wa nne, masika, alinipigia saa tisa usiku. Nyuma ya sauti yake nilisikia watoto wanalia. Maji yalikuwa yamefika kwenye magoti. Magodoro, kochi na friji vyote vilikwisha usiku huo. Asubuhi nilikwenda, na jirani wa upande wa pili, mama mmoja aliyekuwa anatoa matope kwake, akaniambia bila hata kuniangalia kwamba kila masika huwa hivyo, na mpangaji aliyetangulia alihama kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa anaishi hapo miaka yote. Sikuwa nimemuuliza.

Nilimrudishia yule mwalimu hela ya udalali, kwa mafungu mawili kwa sababu nilikuwa nimeshaila. Hakuwahi kuniletea mteja, na hakuwa na sababu ya kuniletea.

Tangu siku hiyo ninayo kanuni moja ya kuzungumza na mteja, na ningependa uichukue kama ilivyo. Kila ninachosema kina mwenyewe. "Nimeona" ni yangu. "Mwenye nyumba anasema" ni ya mwenye nyumba. "Jirani kaniambia" ni ya jirani. "Sijui, nitauliza" nayo ni jibu kamili. Mteja akisikia umetenganisha hivyo, anajua apime wapi. Dalali mpya anaogopa kusema sijui kwa sababu anadhani ataonekana mchanga. Mteja aliyehamahama mara tatu mjini hapa hakuogopi kwa kusema hujui. Anakuogopa ukiwa na jibu la kila kitu.

Kwa hiyo nyumba ikija mikononi mwako, iendee mara mbili kabla hujapiga picha: mchana mara moja, na usiku mara moja. Mchana fungua bomba. Usiulize kama kuna maji, fungua. Uliza ya DAWASA yanatoka siku zipi, simtanki ni la lita ngapi na linahudumia nyumba ngapi. Uliza kama LUKU ni ya mpangaji peke yake au ya kuchangia, kwa maana ugomvi wa umeme wa kuchangia umehamisha watu wengi kuliko kodi. Na hapo hapo angalia jambo ambalo madalali wengi hawalitaji: tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, hivyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa kwa mkono wake ingawa kisheria ni ya mwenye jengo. Nyumba iliyokaa tupu miezi kadhaa inaweza kuwa na malimbikizo, na mpangaji mgeni ananunua umeme wa elfu kumi anapata uniti za kushangaza. Wakubaliane mapema nani anaibeba, iandikwe kwenye mkataba.

Usiku nenda usikilize. Baa, spika za ibada, gereji ya welding, mbwa. Tembea kwa miguu kutoka kituoni hadi getini na uangalie saa. Tumezoea kuandika "dakika tano kutoka lami" kwa njia ambayo hata bodaboda haiimalizi kwa dakika tano. Andika dakika ulizotembea wewe, na kama kuna kilima kitaje.

Kisha muulize mpangaji anayehama: kwa nini unahama? Swali hili moja lina faida kuliko ukaguzi wa siku nzima. Lakini ukienda kwake, kumbuka bado ni kwake. Mpigie kabla, piga hodi, subiri ukaribishwe, na usipige picha chumba chenye vitu vyake wala watoto wake bila ruhusa. Nimeona picha za vyumba zikizunguka kwenye simu za watu zikiwa na nguo za ndani za mtu kwenye kamba. Huyo ni binadamu anayelipa kodi hadi mwisho wa mwezi. Vivyo hivyo nakala za vitambulisho wanazokupa wateja: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe mwenye simu moja. Kazi ikiisha, zifute.

Kuhusu mwenye nyumba aliyekuzunguka sitakaa sana. Inauma, na itatokea tena. Dawa yake ni karatasi na ujumbe. Kabla ya kuonyesha, kubaliana na mwenye nyumba kwa maandishi, hata ya simu, kwamba mteja utakayemleta ni wako na malipo yako ni kiasi gani na yanatoka kwa nani. Siku ya kuonyesha, mteja aandike jina lake, tarehe na nyumba aliyoiona, atie sahihi. Ukitoka hapo mtumie mwenye nyumba ujumbe: "Leo nimekuja na fulani." Ukiwa na hivyo vitatu, unaweza kudai kwa heshima, na hata baraza la kata litakuelewa. Usiwe navyo, meza na uendelee. Jambo moja nakukataza kabisa: usiende na wenzako getini kwa mpangaji kumtisha. Nimewaona vijana wakifanya hivyo kwa kodi ya mwezi mmoja ya chumba, wakaishia kuandikiwa maelezo kituoni, na mtaa mzima ukawafungia milango.

Nyuma ya ugomvi huu kuna jambo ambalo ni vizuri ulijue. Kwa nyumba za kupanga hapa Dar, mara nyingi anayetulipa ni mpangaji, mwezi mmoja wa kodi, wakati mwenye nyumba anatuona kama watu wake. Tunavuta kamba mbili. Neno lenyewe dalali limetoka Kiarabu, kwenye mzizi ule ule uliotupa neno dalili, na maana yake ya asili ni mtu anayeonyesha njia. Napenda kulikumbuka hilo ninapojikuta katikati. Mwenye nyumba akikuambia "usimwambie kwamba nauza nyumba hii mwakani", na mpangaji analipa mwaka mzima, wewe huwezi kunyamaza. Mwambie mwenye nyumba: nitamweleza, au tafuta dalali mwingine. Na mpangaji akikuambia siri yake, kwamba kazi inaisha mwezi ujao na kodi ya miezi mitatu anayotoa ndiyo ya mwisho, usimfiche mwenye nyumba. Mwambie mpangaji aseme mwenyewe, la sivyo wewe utakaa pembeni.

Utakutana pia na wenye nyumba wanaosema sitaki kabila fulani, sitaki dini fulani, sitaki dada anayeishi peke yake. Mimi huwa nawauliza taratibu wanaogopa nini. Mara nyingi jibu ni kelele, wageni wengi au kodi kuchelewa, na hayo yote yanaweza kuandikwa kama masharti kwa mpangaji yeyote. Anayeng'ang'ania kabila namrudishia nyumba yake. Nimekosa hela kwa hilo, na sijajutia.

Sasa tuje kwenye kiwanja.

Cha juu, yaani hela mnayoiongeza juu ya bei ya muuzaji. Mwenzako mzoefu anakuambia useme 23 badala ya 18. Atakuambia kila mtu anafanya, na hapo hadanganyi sana. Hebu tufuate hiyo hela inavyotembea hadi mwisho, maana watu huishia kuihesabu pale inapoingia mfukoni.

Mnunuzi amekubali 23. Mkataba wa mauziano utaandika ngapi? Ukiandika 18, mnunuzi ataona na mchezo umekwisha, kwa hiyo lazima uandike 23. Muuzaji atatia sahihi kwamba amepokea 23, akabaki na 18, akawapa nyie 5 bila risiti. Kisha anakwenda TRA. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkaazi kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida, na faida itahesabiwa kwenye bei ya mkataba. Milioni tano zenu zinaweza kumwongezea muuzaji kodi ya Sh 500,000 kwa hela ambayo hakuishika. Mnunuzi naye analipa ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwenye thamani iliyopandishwa. Na siku watakapokaa wawili, kwenye kuhamisha umiliki, kwenye mpaka, au msibani tu, mmoja atasema "nilikuuzia 18" na mwingine atasema "nilikupa 23". Hapo jina litakalotajwa ni lako. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima ya uwakala, na wakala aliyejipatia faida kwa siri kwenye kazi ya aliyemtuma anaweza kudaiwa faida hiyo.

Kuna wanaotoroka hilo kwa kuandika mikataba miwili, au kuandika bei ya chini ili kodi ipungue. Hapo mmehama kwenye udalali mmeingia kwenye kosa la kodi, na wewe ni shahidi wa kwanza. Usishike kalamu.

Njia iliyo wazi ipo na inalipa. Kaa na muuzaji, mweleze kwamba kazi yako ina malipo, mkubaliane asilimia, iandikwe. Kwenye viwanja huku kwetu wengi wanakwenda kati ya asilimia 5 na 10. Kwa milioni 18, asilimia 10 ni Sh 1,800,000. Mkigawana na mwenzako ni Sh 900,000 kila mmoja. Kwenye ule mpango wake ungepata 2,500,000. Tofauti ni Sh 1,600,000, na sitajifanya kwamba kwa mtu wa miezi minne hiyo ni hela ndogo. Kama unaamini kiwanja kinafaa 23, mwambie mwenye kiwanja. Mpelekee bei za viwanja vilivyouzwa jirani, mwambie tuanze na 22. Akipata zaidi, asilimia yako inakua kwa halali, na yeye atamwambia ndugu yake nani alimuuzia.

Kabla ya hela yoyote, je, hicho kiwanja kinauzika? Hapa ndipo dalali mpya anapopoteza watu akiba ya miaka kumi.

Omba nakala ya hati. Ukiipata, usiishie kuishika na kuikagua rangi. Nenda au mpeleke mnunuzi ofisi ya ardhi ya mkoa mkafanye upekuzi rasmi. Upekuzi utawaambia jina la mmiliki kwenye daftari, kama kuna rehani ya benki na kama kuna zuio. Linganisha jina na kitambulisho cha anayeuza. Akisema "ni ya baba, marehemu", simama hapo hadi uone barua ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama. Kikao cha ukoo na muhtasari wake ni kitu kizuri, ila hakimpi mtu mamlaka ya kuuza. Akiwa na mke au mume, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Muulize mbele yake kama ameoa, na ridhaa iandikwe na kutiwa sahihi. Nimewahi kumwona mama akifika na mtoto mgongoni siku mnunuzi anaanza kuchimba msingi. Hakuwa na kelele. Alisimama tu kwenye mtaro, akasema hapa ni kwangu.

Kama hakuna hati, kuna leseni ya makazi au karatasi ya mauziano ya zamani tu, sema hivyo kwenye tangazo lako. Kuuza eneo lisilopimwa si haramu kwa kila hali, ila usiliite kiwanja kilichopimwa. Muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba viongozi wa hapo wamewaona mkiuziana. Daftari la msajili hawana wao. Wateja wengi wanachanganya hayo mawili, na dalali asiyewatenganishia anashiriki kuwapoteza.

Ukiwa Kimara na Mbezi, una wajibu wa ziada wa kujua hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya mita 121.5 kila upande. Humo kulikuwa na watu waliojenga miaka mingi, wenye umeme na maji yaliyounganishwa, na walionunua kwa mikono ya madalali. Kwa hiyo umeme kufika kwenye nyumba si dalili kwamba nyumba iko salama. Pima kutoka katikati ya barabara, ulizia TANROADS, wakala wa barabara, angalia mchoro wa mipango miji halmashauri. Na kama kuna mto au korongo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni ambazo shughuli za kudumu haziruhusiwi. Huko Mbezi mabonde ni mengi, na kila kiangazi kuna mtu anauziwa bonde likiwa kavu.

Siku ya kuonyesha, nenda na mpima ardhi ayatafute mawe ya mipaka kwa vipimo. Jiwe linaloonekana kwa macho linaweza kuwa limehamishwa. Na wasalimie majirani wa pande zote kabla mnunuzi hajatoa kianzio. Kama kuna kesi Baraza la Ardhi na Nyumba, jirani ataijua kabla yako.

Hela ya kiwanja isipite kwako. Hata kianzio, hata laki moja ya "kushikilia". Mnunuzi alipe kwenye akaunti ya muuzaji, mbele ya wakili aliyeandaa mkataba, na wewe upokee asilimia yako kwa risiti. Ukishakaa na hela ya mtu siku mbili, na mtoto wako akaumwa usiku, hujui utafanya nini. Mimi sijui ningefanya nini, ndiyo maana sikai nayo. Mnunuzi akija na fedha taslimu nyingi asizotaka zipite benki, hiyo nayo ni sababu ya kusimama: Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya 2006 inawahesabu mawakala wa mali zisizohamishika miongoni mwa wanaopaswa kutoa taarifa za miamala yenye shaka.

Kwa mnunuzi aliye nje, Muscat, London au Minnesota, uangalifu uongezeke mara mbili. Yeye anaona kile tu unachoelekeza kamera. Izungushe pande zote nne, onyesha korongo, onyesha nguzo za umeme wa msongo mkubwa, na muulize mapema kama bado ni raia, kwa sababu asiye raia hapati ardhi Tanzania Bara kwa njia anayoipata raia. Asiposikia hilo kwako atalisikia kwa wakili baada ya kulipa.

Umeuliza kuhusu jina. Nchini Kenya kuna sheria ya mawakala wa mali, Sura ya 533, na bodi inayowasajili, na anayefanya kazi hiyo bila usajili anavunja sheria. Kwetu wathamini wana sheria yao ya 2016 na bodi yao. Dalali wa nyumba mara nyingi haulizwi cheti na mtu anapoanza, ndiyo maana wazuri na matapeli wanaitwa jina moja. Usingoje kulazimishwa. Chukua namba ya mlipakodi TRA, sajili jina la biashara BRELA, kata leseni halmashauri, toa risiti. Mteja aliyewahi kutapeliwa anatazama vitu hivyo kwanza.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kutembea na wageni kwenye nyumba tupu, mwambie mtu mmoja unakwenda wapi na nani, kila mara. Nyumba tupu ya mbali usiionyeshe jioni peke yako.

Leo hii, basi, tuma ile elfu ishirini na upige simu. Halafu mwone mwenzako ana kwa ana, umwambie uko tayari kugawana naye asilimia 10 iliyoandikwa na muuzaji, nusu kwa nusu, na kwamba bei utakayomtajia mnunuzi ni ile anayoijua muuzaji. Akikataa, mwachie kiwanja aende nacho. Akikubali, nendeni wote wawili kwa muuzaji mkaombe nakala ya hati na kuuliza kama ana mwenza. Hadi utakapokuwa na hayo mawili mkononi, usipige hata picha.